Tundu la Kilimorani

Waliokuja na futi kamba wameniuliza
nyumba hii ni ya mtindo gani.
Nimewashikia ncha, nikawaambia wasome wenyewe.
Ukuta wa chini, futi nne na inchi mbili.
Ukuta wa juu, futi mbili unusu,
na madirisha mapana ya kuitia jua mezani.
Chini ilijengewa vita, juu ikajengewa chai.

Bwana Kinisela alifika Molo na picha ya posta:
gofu la ukoo wao huko Ayalandi,
halina paa, limeota majani kichwani
kama mzee aliyekosa wa kumnyoa.
Akaipigilia msumari kwenye mtarakwa,
akawaambia mafundi: hivi hivi, ila nzima.
Shamba akaliita Kilmoran, jina la kwao.
Ulimi wetu ukalikanda siku mbili tu
likatoka Kilimorani,
na hadi leo watoto huuliza ni morani yupi
aliyezikwa kilimani.

Babu yangu Mukhwana ndiye aliyechonga pembe.
Aliletwa kutoka Bungoma kwa ajili ya mkono wake,
mkono uliojua jiwe linataka kulalia ubavu gani.
Mamake alizaliwa ndani ya ngome ya udongo,
handaki nje, lango la kuinamia,
naye alimwachia neno moja kuhusu kuta:
anayeijenga humwota anayemwogopa
kila usiku, mpaka amjue sura.

Kinisela alimwota nani?
Babu alikuwa juu ya jukwaa na ndoo ya chokaa,
akilipwa senti ili ajifungie nje.

Minara miwili, ya pembe zinazokabiliana,
kila mmoja uulindie mwenzake ukuta.
Ngazi za kuzunguka, zinazopinda kulia,
zimnyime anayepanda nafasi ya panga.
Juu ya mlango, roshani ndogo yenye sakafu iliyotobolewa:
maji ya moto yangepita hapo.
Hayakupita. Mkewe alianikia soksi.
Na matundu ya bunduki, kumi na moja,
nje wembamba wa kiganja kilichosimama,
ndani yametanuka bega liingie.
Nyuki waliyawahi.
Risasi ya pekee iliyotoka humo
ilimlenga mbwa mwenye kichaa, ikamkosa.

Akauza, akaenda zake. Kampuni ya kununua ardhi
ikaligawa shamba kwa kamba na kura za vijikaratasi.
Nyumba ikabaki ya wote, yaani ya mahindi.

Kisha Desemba ile.

Tuliingia sitini na watatu.
Nyaboke na mbuzi wake, Gathoni na cherehani kichwani,
Tapsubei aliyekataa kuondoka na watu wake
kwa sababu mtoto wa jirani alikuwa na homa
na dawa alikuwa nayo yeye.
Komeo la mti wa mtamayo likaingia shimoni mwake
hadi mwisho, mara ya kwanza tangu lichongwe.
Ukuta ukafanya kazi yake.
Siwezi kusema vinginevyo.
Mishale iligonga, ikateleza.

Nilikuwa na miaka minane. Nilipanda gunia, nikaweka jicho.
Tundu halikuonyeshi mtu. Lilipimwa hivyo makusudi.
Linakupa ukanda tu, upana wa shati:
kichwa kimekatwa na jiwe, miguu imekatwa na jiwe.
Niliona mwenge, na shati la mistari ya kijani,
kifungo cha tatu kimeshonwa kwa uzi mwekundu.
Uzi ule ulitoka kwetu.
Mama ndiye aliyekishona.

Andikeni, nimewaambia hawa wa futi kamba:
mawe ya machimbo ya karibu, chokaa, mtarakwa.
Andikeni kwamba vigae viliibwa, tukaweka mabati.
Uzi msiuandike.

Jumanne humkuta sokoni akipima viazi.
Mizani ikishatulia, huniongezea viwili,
hasemi kitu. Nami hutazama mizani.
Mara moja tu niliinua macho nikamwona mzima,
kichwa, miguu, mvi.
Sijarudia.